Pezi Lililolala Mgongoni

Wadogo zangu wa chumba cha kuchorea, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na kitenge, mkaniomba niwaandikie jinsi nilivyojifunza kazi. Saa nimeitundika. Kitenge kilichukuliwa na binti yangu kabla sijakikunjua. Hili la kuandika limechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unataka kuchora, na hapa nyumbani Ujiji samaki niliye naye ni wa mchuzi tu, hakai mezani muda wa kutosha kutazamwa.

Sitaandika habari za vyeo. Hizo zimo kwenye faili langu, faili liko masijala, anayezitaka akazisome huko, na akifika awaambie jina langu wameliandika kwa makosa tangu mwaka wa kwanza. Nitaandika habari za rula tatu, ungo mmoja, na pezi la samaki ambalo nusura liniharibie jina na kumharibia mtu mwingine riziki.

Nilifika kituoni, kituo chetu cha utafiti wa samaki, nikitoka chuo cha ufundi, ambako nilifundishwa kuchora ramani za nyumba. Nilikuwa na rula tatu za urefu tofauti, bikari ndani ya kijaluba chake, na penseli nilizozichonga usiku kucha kwa wembe. Kazi niliyopewa ilikuwa kuchora samaki wa Ziwa Tanganyika kwa ajili ya vitabu vya wataalamu. Sikuona tofauti. Niliwaza kwamba mtu anayeweza kuchora paa la nyumba hashindwi na samaki.

Chumba mnakijua, kina dirisha linalotazama ziwa na rafu zenye mitungi ya samaki waliohifadhiwa kwenye fomalini. Harufu yake nilidhani nitaizoea, na sikuizoea mpaka nimestaafu. Ndani alikaa mtu mmoja, Mzee Bukuru, Muha wa upande wa Kasulu, mfupi, mwenye sweta kipindi chote cha joto na miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mchoraji mpya? Haya, mchore huyu."

Akanisogezea sinia lenye kuhe mkubwa, ametolewa majini asubuhi ileile. Nilimpima kuhe yule kuanzia mdomo hadi mkia. Nilipiga mstari wa mgongo kwa rula, nikapiga wa tumbo, nikagawa magamba kwa bikari. Baada ya saa mbili nikampelekea kazi yangu, safi, haina hata alama ya kidole. Mzee Bukuru aliitazama muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nyumba nzuri," akasema. "Mlango uko wapi?"

Kisha akachukua rula zangu zote tatu, akazitumbukiza kwenye mtungi mtupu, akafunga kifuniko, akauweka rafu ya juu kabisa ambako mimi sifikii. Akaniambia nitazipata siku nitakayotakiwa kuchora fremu. Nilikwenda chooni nikalia. Nilirudi nimenawa uso, nimeshaamua kwamba mwisho wa mwezi nitarudi kwenye ramani za nyumba.

Kesho yake alikuja na ungo kutoka kwake. Nilidhani ameleta mchele wa kupeta. Alinikalisha mbele ya kuhe, akaniwekea karatasi mapajani, halafu akaulaza ungo juu ya mkono wangu ili nisione ninachochora.

"Sasa kuna sisimizi," akasema. "Anatembea pembezoni mwa samaki, kuanzia mdomoni. Mfuate kwa jicho. Jicho likitembea, penseli itembee. Jicho likisimama, penseli isimame. Ukichungulia chini tunaanza upya."

Nilichungulia mara sita, na mara sita tulianza upya. Mara ya saba nilimfuata sisimizi yule hadi mkiani na kurudi. Tulipoinua ungo, jicho la samaki lilikuwa nje ya mwili na mkia umepita katikati ya tumbo. Mzee Bukuru alicheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye uzi. Mimi sikucheka.

"Usitazame mkia," akasema akijifuta machozi. "Tazama mdomo."

Nikatazama. Mdomo ulikuwa wa kuhe yule hasa, taya la chini limetangulia kidogo, na pembeni kuna mkunjo mdogo wa mtu asiyeridhika. Jana yake nilikuwa nimemkodolea macho saa mbili nzima na mkunjo ule sikuuona. Habari za kurudi kwenye ramani za nyumba ziliishia pale.

Basi ikawa kila asubuhi, kabla ya kazi yenyewe, kuna mchezo. Wa tete mnaujua. Alikata tete refu kama mkono wangu, akafunga penseli nchani kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akatandaza karatasi sakafuni nami nikachora nimesimama. Penseli ikiwa mbali namna ile vidole havina la kufanya, bega ndilo linalochora, na mstari unayumba upende usipende. "Mkono wako una uchoyo," aliniambia. "Unatoa mstari kidogokidogo kana kwamba utaisha." Kuna siku tulichora kwa mkono wa kushoto. Kuna siku alimpindua samaki, tumbo juu, nikamchora hivyohivyo ili nisahau kwamba ni samaki. Akinipeleka kwenye chanja za dagaa, aliniamuru nichore nafasi zilizobaki kati ya dagaa na dagaa, dagaa wenyewe nisiwaguse. Ukizichora vizuri zile nafasi, dagaa wanajitokeza wenyewe.

Ulionitesa zaidi ni ule wa kutembea. Beseni la samaki liko chumba cha mwisho, karatasi iko chumba chetu, katikati kuna baraza lote. Unatazama, unatembea, unachora ulichobeba kichwani, unarudi kutazama tena. Siku ya kwanza nilikwenda safari kumi na nne. Mama aliyefagia baraza aliacha kufagia, akakaa kwenye ndoo yake kutuhesabia. Safari ya kumi Mzee alisimama nyuma yangu, akanionyesha pezi nililochora.

"Hili ni la nani?"

"La huyu wa kwenye beseni."

"La huyu liko hivi?"

Nikarudi kuangalia. Halikuwa hivyo hata kidogo. Nilikuwa nimefika kwenye beseni, nikajisemea moyoni "pezi", nikarudi kuchora pezi lolote tu.

"Umebeba jina," akasema. "Samaki umemwacha kwenye beseni."

Sentensi hiyo nawaombeni muikumbuke, kwa sababu mimi niliisahau, na karibuni nitafika hapo.

Niseme na mambo madogo ya kazi kabla sijapitiwa. Mikono ioshwe kwa limau kabla ya kushika karatasi, mafuta ya samaki hayakubali wino. Kosa la wino likwanguliwe kwa wembe mpya ulioinamishwa, si uliosimama. Samaki wa kuchora asiachwe mezani wakati wa chai. Paka wa kituo alishawahi kula kuhe wawili wa kitaalamu, mmoja akiwa ndiye pekee aliyeletwa mwaka ule, na kwenye ripoti tukaandika kwamba sampuli imepotea. Na kila Ijumaa tulikuwa na mchezo wa zamu, Mzee anachora mstari mmoja, mimi mmoja, bila kusema neno, na atakayekuwa wa kwanza kuufanya mchoro ufanane na samaki ameshindwa na anatengeneza chai. Nilitengeneza chai miaka mingi.

Siku Mzee Bukuru alipostaafu, akahamia kwake Rusimbi, nilirithi kiti chake, dirisha lake, na ule mtungi wa rafu ya juu. Nilipanda kwenye stuli nikauteremsha. Rula zangu zilikuwemo, zote tatu, hazijapauka. Nilizitoa.

Ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, ingawa kwa macho yalikuwa yanakwenda vizuri. Kazi zilikuwa nyingi, samaki wakiletwa wakiwa wameshatiwa mitungini, na kuchora aliyekufa zamani ni haraka kuliko kumfuata aliye hai. Ungo niliutundika ukutani kama pambo. Walikuja vijana wawili wapya, nikawafundisha wino, nikawafundisha wembe, michezo sikuwafundisha. Nilijiambia ile ni ya watu wanaojifunza, na mimi nimeshajifunza. Mistari yangu ikarudi kuwa safi. Wageni walikuwa wakiisifu.

Mwaka huo likaja agizo kwamba watoto wa migebuka wasiuzwe, waachwe wakue. Wanaoishi kandokando ya ziwa wanaelewa ugumu wake. Watoto wa migebuka huvuliwa pamoja na dagaa, na ukiwatazama kwa haraka wanafanana na lumbu, yule ndugu mkubwa wa dagaa ambaye kuuzwa kwake hakuna tatizo. Wasimamizi wa mialo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, wakaomba bango lenye picha, wanaoweza kusoma na wasioweza wajue yupi ni yupi. Kazi ikaja kwangu. Nilitoa mtoto wa mgebuka kwenye mtungi, nikamlaza, nikamchora, nikapitisha wino. Lilikuwa bango zuri. Lilipigiliwa kuanzia Kibirizi kushuka hadi Ilagala, na nilipopita Kibirizi kununua kitoweo nilikuwa nazunguka makusudi ili nilione.

Jumanne moja akaja mwanamke kituoni, amejifunga khanga kiunoni, ana kifurushi cha majani ya mgomba. Alikuwa Mama Anzuruni wa Ilagala, mchuuzi wa lumbu. Aliacha viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia.

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha. "Nimeambiwa aliyechora ile picha ya mwaloni yuko humu."

"Ni mimi, Mama. Karibu."

Alikaa, akanieleza bila kupandisha sauti. Juzi yake msimamizi wa mwalo wa Kibirizi alitazama beseni lake, akatazama bango, akatazama tena beseni, akasema hawa ni watoto wa migebuka. Beseni likachukuliwa. Jina lake likaandikwa. Akakatazwa kuuza mwaloni mpaka kikao cha mwalo kikae Jumatatu inayofuata, na kikao kikimwona na hatia, Kibirizi asikanyage tena. Alikuwa akiuza pale tangu akiwa binti, baada ya mama yake.

"Mimi sikugombana na yule kijana," akasema. "Yeye anafuata picha. Nikasema niende kwa mwenye picha."

Alifungua majani juu ya meza yangu, juu ya nakala ya bango langu. Samaki wawili, wabichi. Akamgusa wa kwanza. "Huyu lumbu. Huyu ndiye nilikuwa nauza." Akamgusa wa pili. "Huyu mtoto wa mgebuka. Mpwa wangu kanitolea kwenye wavu asubuhi, nije nikuonyeshe." Kisha akamshika kichwa yule wa pili, akapitisha kidole mgongoni, kutoka mkiani kwenda mbele. Pezi likasimama. Pezi zima la miiba, mbele ya lile la nyuma, ambalo sekunde moja kabla halikuwepo.

"Hili liko wapi kwenye picha yako, dada?"

Halikuwepo. Kwenye mtungi pezi lile lilikuwa limelala mgongoni, fomalini ikaligandisha hapohapo, na mimi kwa mkono wangu msafi nikapiga mgongo laini kuanzia kichwani hadi kwenye pezi la nyuma. Mgongo laini wenye pezi moja ni mgongo wa lumbu. Nilikuwa nimemchora mtoto wa mgebuka kwa sura ya lumbu, nikaandika chini yake "ASIUZWE".

Najua mngependa niwaambie kwamba nilisimama palepale nikaomba radhi. Nilisema, "Nitaliangalia, Mama."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. Akafunga samaki wake, akavaa viatu, akaondoka.

Alipotoka tu nilifunga mlango, nikamtoa yule samaki wa sampuli mtungini, nikaliinua pezi lake kwa sindano. Lilikuwepo. Ofisi ya mkuu wa kituo ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Sikwenda. Nilikuwa na aibu, sina neno lingine la kuipamba. Bango lile lilisifiwa na watu wakubwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine watazame vizuri. Jumatano nilijiambia kikao kitagundua chenyewe. Alhamisi nilijiambia huenda msimamizi ameshasahau. Nilianza kumchora upya kwa siri ili niwe na bango jingine tayari, nibadilishe kimyakimya, na mkono ukanigomea. Mistari ilitoka migumu kuliko ya siku yangu ya kwanza. Mara tatu nilichora pezi lile, na mara tatu likatoka kama kitana. Ijumaa nilirudi nyumbani nikashindwa kula, na mtu aliyekuwa akinizuia kula ni yule mama aliyevua viatu mlangoni.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Rusimbi. Mzee Bukuru alikuwa amekaa uani na sinia la maharage mapajani. Mtoto wa jicho alikuwa amemchukua macho yote mawili, na mkewe alikuwa amempa kazi ya kuchagua mawe kwa vidole.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Mwanaidi. Kaa."

Nikamweleza yote, bango, beseni, kikao, na zile siku nne. Hakuacha kuchagua maharage. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Yule mama alimpapasa kutoka mkiani?"

"Ndiyo."

"Na wewe umempapasa?"

"Nimeliinua pezi kwa sindano."

"Mwana wanje," akasema, "basi bado hujamwona."

Nilianza kulia, safari hii si chooni. Alinisubiri nimalize, kisha akaongea kama alivyokuwa akiongea kazini, bila ukali na bila kubembeleza. "Kwanza nenda kamwambie mkuu wako. Leo, usingoje Jumatatu. Mkono wako haukatai kuchora, umekaza kwa sababu unaficha kitu. Ukishasema utalegea wenyewe. Halafu nenda Kibirizi na karatasi nyingi mbaya, zile nzuri ziache kabatini. Na tete bado unalo?"

"Ninalo."

"Haya. Inuka kidogo, umekalia mawe niliyoyachagua."

Mkuu wa kituo nilimkuta kwake akimwagilia mchicha. Nilisema nikiwa bado nimesimama getini, nikiogopa nikikaribishwa ndani nitageuza maneno. "Mkuu, bango la migebuka lina makosa. Nimekosea mimi. Nimelijua tangu Jumanne."

Aliweka ndoo chini. "Kosa kubwa?"

"Pezi zima."

Alijifuta mikono kwenye suruali. Kisha akasema, "Jumatatu tutakwenda wote. Utasema wewe." Akaendelea kumwagilia.

Nilishuka kwa miguu kurudi mjini. Sijui niwaelezeje. Hakuna kilichokuwa kimetengemaa bado, beseni halijarudi, bango bado liko ukutani, na Jumatatu nitaaibika mbele ya mwalo mzima. Lakini nilikuwa nikipumua hadi chini ya kitovu, na nilipofika kwa muuza mihogo ya kuchoma nilikula vipande vitatu nikiwa nimesimama.

Jumatatu nilifika Kibirizi jua linachomoza, mitumbwi ndiyo inaingia. Nilimwomba mvuvi mmoja mtoto wa mgebuka aliye hai, akanitilia kwenye ndoo ya maji. Nikatandaza karatasi mbaya mchangani, nikazikandamiza kwa mawe, nikasimama na tete langu. Wanawake wa dagaa wakakusanyika.

"Dada, unachora au unavua?" mmoja akauliza, wakaangua kicheko.

"Sijajua bado," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Kabla ya kuchora niliingiza mkono ndooni, nikampapasa samaki yule kutoka mkiani. Alinichoma. Damu kidogo ilitoka kidoleni, nikaicheka peke yangu. Kisha nikaanza. Kila akigeuka ndooni pezi lilisimama, likalala, likasimama, nami nikafuata bila kutazama chini, karatasi baada ya karatasi, nyingine zikaingia mchanga, moja ikakanyagwa na mchukuzi mwenye gunia. Mstari uliyumba, mnene hapa, mwembamba pale, na pezi lilisimama jinsi linavyosimama kwake. Sijui nilichora ngapi. Najua kwamba niliacha kwa sababu karatasi ziliisha.

Mama Anzuruni alikuwa amekaa mbali kidogo juu ya beseni aliloligeuza, hana cha kuuza. Nilimfuata, nikamsalimia, nikamwomba tuongozane kikaoni.

Kikao chenyewe kilikuwa watu wanane kwenye mabenchi. Mkuu alinipa nafasi nikasema lile bango ni kazi yangu, limekosewa, na huyu mama hakuuza mtoto hata mmoja wa mgebuka. Sikutoa maelezo mengi. Nilizungusha kwenye sinia samaki wawili nilioomba kwa wavuvi, lumbu na mtoto wa mgebuka, nikaomba kila mmoja awapapase kutoka mkiani. Mwenyekiti wa mwalo, mtu mnene anayependa kuonekana hana haraka, alimpapasa lumbu, akatikisa kichwa. Akampapasa wa pili.

"Aisee!" Akaweka kidole mdomoni. "Huyu ana miiba."

"Sisi tunajua," akasema Mama Anzuruni. "Hapa akina mama wote wanajua. Hakuna aliyetuuliza."

Kikao kiliisha kabla ya chai. Jina lake likafutwa mbele yake, msimamizi kijana akamwomba radhi kwa mikono miwili, na beseni akarudishiwa. Lumbu wake walikuwa wameshaliwa, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyewala. Kesho yake asubuhi nilipita Kibirizi makusudi, nikamkuta mahali pake, anapiga kelele za kuita wateja kuliko wote. Nilinunua lumbu wengi kuliko tuwezavyo kula.

Bango jipya ndilo lile mnalolijua, limepauka sasa, mtoto wa mgebuka kakasirika, pezi juu, na chini yake maneno "Mpapase kutoka mkiani". Aliyelichapa aliuliza kama auweke sawa ule mstari unaotetemeka. Nilimwambia akiugusa nitamfuata mpaka kwake. Rula zilirudi mtungini, rafu ya juu, na ungo ukateremka ukutani.

Kwa hiyo mnapolalamika kwamba nimewafanyisha kazi za chekechea kila asubuhi, chanzo ni hicho. Mnaniambia siku hizi simu inapiga picha. Inapiga, tena vizuri. Pezi likilala itawaonyesha pezi lililolala, na itaenda zake. Haitampapasa.

Nimalizie na siku ya kuniaga, kwa sababu nyinyi mlikuwa ndani mkicheza muziki na hamkuona. Mama Anzuruni alikuja kutoka Ilagala na mfuko wa dagaa. Amezeeka, mimi pia. Tulikaa barazani, palepale nilipokuwa nikitembea na samaki kichwani, na nikaona kama sitamwambia siku ile sitamwambia tena.

"Mama Anzuruni, kuna jambo sijawahi kukuambia. Siku ile uliponiletea wale samaki, nilijua palepale kwamba nimekosea. Nikakaa kimya siku nne."

Alikuwa akimenya chungwa. Hakuacha.

"Ego, ndiyo. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Pezi liliposimama, uso wako ulifanya hivi." Akaufanya, na nikajiona, mdomo umeachia, macho yamekimbilia dirishani. "Nikasema, huyu ameona. Ndiyo maana niliondoka."

"Ungeweza kupita kwa mkuu ukanisemea. Ofisi iko hapo."

"Ningeweza. Na wewe ungekana, maana ulikuwa unaogopa. Halafu mimi ningebaki na picha mbaya na mchoraji mwongo." Akanipa nusu ya chungwa. "Nilikuwa namhitaji mchoraji. Nikakuacha ukapambane."

"Na kama nisingekuja?"

"Nilishaulizia bei za nyanya," akasema, akacheka sana.

Miaka yote hii nilizibeba siku zile nne nikidhani ni zangu peke yangu, kumbe alikuwa nazo yeye tangu mwanzo na wala hazikumsumbua. Nilicheka mpaka nikalia. Kisha niligeuza karatasi ya hotuba mliyoniandikia, nikamwomba asitingishike, nikamchora nikimtazama yeye tu, bila kutazama chini hata mara moja.

Mchoro huo nimeutundika karibu na saa yenu. Jicho moja limetoka nje ya uso na sikio liko shingoni. Mdomo ni wake kabisa.